Kikapu cha Kaskazini

Ukimtafuta Athoumani bandarini Andoany, kisiwani Nosy Be, usihangaike na jina. Uliza yule wa bega. Watakuelekeza kwa kidevu, kwa sababu mikono imeshika magunia.

Bega lake la kulia lilikwenda na sukari. Alianza uhamali tangu ujana, na gunia la sukari si pamba. Alibeba, akabeba, mpaka siku moja bega likagoma. Likashuka chini wala halikurudi tena juu, na tangu siku ile mkono wake wa kulia haukupanda kupita kifua. Hata kofia alivua kwa mkono wa kushoto. Wenye ghala walitaka kumwachisha, kisha wakaona heri wampe kazi ya kuita. Na hiyo kazi ya kuita lazima niieleze vizuri, maana bila hiyo utadhani yaliyotokea Mahajanga ni ujinga wa watu wa kisiwani tu, kama walivyosema wenyewe watu wa Mahajanga, ambao kwa kuwacheka wenzao hawajambo.

Hamali akishatwishwa huinama. Gunia linamlalia shingoni na mabegani, na macho yake hayaoni kitu ila vidole vyake vya miguu. Mbele yake kuna gati, na mwisho wa gati kuna ubao mwembamba wa kuingilia kwenye tishali, chombo cha kupelekea mizigo melini, nao hucheza kila maji yakicheza. Hamali hauoni ubao huo. Anayeuona ni mwenye kuita, ambaye husimama pembeni na kumwambia kila mmoja apeleke mguu wapi. Wala hasemi kulia au kushoto. Watu wa pwani ile hawana shughuli sana na kulia na kushoto. Ukikaa nao kula utaambiwa usogeze sahani kusini, na punje ya wali ikikuganda shavuni utaambiwa ufute upande wa mashariki. Kaskazini kwa Kimalagasi ni avaratra, kusini ni atsimo, na kwa maneno hayo mawili Athoumani aliilisha nyumba yake. Avaratra kidogo. Atsimo. Ngoja. Haya, panda. Aliyemsikiliza alifika, na aliyejitia kujua aliogelea na gunia lake huku wenzake wakimcheka.

Fazul, mwanawe mkubwa, hakuwahi kuogelea. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mzito wa kusema, na alikuwa akibeba chini ya sauti ya baba yake tangu ndevu hazijamtoka. Sauti ikitoka, mguu wake ulikuwa umekwisha kwenda kabla kichwa hakijauliza kitu. Mahamali wengine walimtania kwamba huyu hata usingizini akiambiwa avaratra atageuka kitandani.

Jioni moja mama yake, Rahamatou, alikuwa akimsugua mafuta ya nazi uani. Akasita. Akapitisha vidole mahali pale pale mara ya pili, kisha akamwita mumewe aliyekuwa akitia udhu.

"Njoo ushike hapa," akasema.

Athoumani akashika. Juu ya bega la kulia la Fazul palikuwa na uvimbe mgumu, na ukiushika unasikia kitu chini yake kinasaga.

"Bega hili nalijua," Rahamatou akasema. "Nililisugua kwako."

Fazul akacheka, akavaa shati, akasema haliumi. Athoumani naye zamani alisema haliumi. Tangu siku ile alikuwa na hofu moja tu duniani, nayo ni kwamba mwanawe atapata bega kama lake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayesimama pembeni akimwita mpaka alipate. Kazi nyingine Andoany ziko wapi? Uhuru ulikuwa umekuja, bendera ilikuwa imebadilishwa mbele ya ofisi, hotuba zilikuwa tamu, lakini magunia yalibaki na uzito ule ule.

Sasa tuje kwenye mpira.

Nyuma ya ghala la sukari palikuwa na uwanja wa mpira wa kikapu uliotengenezwa na mwalimu mmoja wa zamani wa misheni. Mwalimu huyo alipoondoka aliwaachia vijana mpira, naye Athoumani akaachiwa kalamu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa naye kila mchezo akajifunza kuijaza karatasi: jina la mchezaji, namba yake, vikapu vyake, makosa yake. Uwanja ulikuwa na vikapu viwili, kisha kimbunga kikaangusha nguzo ya upande wa kusini, na kabla watu hawajaizungumza vizuri chuma chake kilikuwa kimekwisha kuwa lango la mtu. Nani, kila mtu anajua, hatusemi. Kikabaki kikapu kimoja, cha kaskazini, kimepigiliwa kwenye ukuta wa ghala. Vijana wakacheza hivyo hivyo, timu zote mbili kikapu kimoja. Ukinyang'anya mpira unautoa kwanza mpaka mstari wa nyuma, kisha unarudi nao ukutani. Athoumani ndiye aliyekuwa akiwafundisha, naye aliwafundisha kwa ulimi aliokuwa nao. Kijana akipata mpira huku amezongwa, akapoteana, sauti ilimjia kutoka pembeni: avaratra. Basi anageuka, anarusha. Miaka nenda rudi, avaratra.

Timu ya namna hiyo iliingiaje katika mashindano ya mtoano ya kaskazini-magharibi nzima ya Madagaska? Iliingia kwa sababu timu ya Ambanja, iliyopaswa kucheza nayo kwanza, ilikwama kwenye tope na gari lake. Andoany wakapewa ushindi mezani. Wakashangilia kama wamefunga. Kisha wakaambiwa wanaofuata ni Mahajanga, hukohuko Mahajanga, na atakayeshindwa amekwisha. Kelele zikapungua.

Timu ya Mahajanga ilikuwa ya kiwanda cha mafuta ya kupikia. Vijana wake walikula mshahara: asubuhi kiwandani, alasiri uwanjani, na mwisho wa mwezi wanalipwa, wacheze vizuri au vibaya. Na meneja wa kiwanda alileta habari Andoany kwa mdomo wa nahodha wa meli. Alikuwa na nafasi moja. Angemchukua mchezaji mmoja wa wageni, yule atakayeongoza wenzake kwa pointi, amwajiri siku ile ile. Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia mtambo wa kujaza chupa, kazi ya kukaa kwenye kiti. Meneja mpira haujui, nahodha akasema, anachojua ni karatasi.

Kazi ya kukaa kwenye kiti. Athoumani aliyarudia maneno hayo nyumbani, na Rahamatou akaacha kuchagua mchele.

Katika timu nzima aliyeweza kushindana na Fazul kwa kurusha alikuwa mmoja tu, Djaffar, kijana mfupi, mwepesi, mcheshi. Naye alikuwa hamali, naye alipita ubao ule ule. Kama angekuwa mtu mbaya hadithi hii ingekuwa rahisi kidogo kuisimulia.

Walisafiri kwa meli ndogo ya mizigo, juu ya mikungu ya ndizi, wakitapika kwa zamu. Njiani Athoumani alimwita mwanawe kando. Kila timu ilitakiwa ilete mtu wake wa mezani, wa kuandika karatasi au kutunza saa, na Andoany mtu wa mezani alikuwa yeye peke yake. Meza ina sheria yake: aliyeketi pale hasemi na mchezaji, hashangilii, haonyeshi hata kwa jicho. Akifanya hivyo anaondolewa, na hakalii meza tena.

"Kwa hiyo leo sauti yangu hutaisikia," akamwambia. "Tumia macho yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Hata ukiniona ninakutazama, mimi si wako. Ni wa karatasi."

Fazul akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo geni kwao wote wawili.

Uwanja ulikuwa mtaani Mahabibo, wa saruji, umepigwa chokaa mistari, na vikapu vyake viwili vilikuwa na nyavu. Vijana wa Andoany waliziendea nyavu zile wakazishika kwa vidole. Watu wakaanza kucheka hapo hapo, mpira haujarushwa bado. Kikapu kimoja kilikuwa kaskazini, upande wa msikiti, kingine kusini. Athoumani akakaa mezani karibu na Mmadi, mtunza saa wa Mahajanga, mtu wa Kingazija kama yeye, mnyamavu, ambaye alimkaribisha kwa salamu nzuri na kumsogezea upande wenye kivuli. Wakagawana kazi: Mmadi saa, Athoumani kalamu.

Kipindi cha kwanza Andoany walipangiwa kushambulia kaskazini. Niseme nini? Walipigwa. Vijana wa kiwanda walikuwa wakipeana mpira bila kuutazama, na nahodha wao, Hamidou, jitu la miraba minne, alikuwa akifunga utadhani anatundika nguo. Athoumani aliandika mbili za Hamidou, tena mbili za Hamidou, mpaka mstari wake ukajaa akaanza kubana maandishi. Lakini Andoany nao, katika mtafaruku ule, walipopata mpira walijua pa kuupeleka. Djaffar alifunga vikapu viwili na mpira mmoja wa adhabu. Fazul alifunga viwili. Mapumziko yalipofika ubao ulisema arobaini na moja kwa tisa, na katika hizo tisa Djaffar alikuwa na tano, Fazul nne. Wengine wote kando ya majina yao hapakuwa na kitu.

Watu waliona arobaini na moja. Athoumani aliona tano na nne. Kikapu kimoja tu. Kimoja, na mwanawe anakaa kwenye kiti.

Kisha timu zikabadilishana pande. Sasa Andoany walitakiwa washambulie kusini.

Walijua, jamani. Si washamba kiasi hicho. Kila mtu anajua kwamba pande hubadilishwa. Lakini kujua ni kichwa, na miguu ina mazoea yake. Wakipata mpira walisita, wakageukageuka, na katika ule muda wa kugeuka ndipo walipokuwa wakinyang'anywa. Kusini hawakufunga hata kimoja. Hamsini na tano, sitini na nane, sabini na sita. Watoto juu ya ukuta walikuwa wakihesabu kwa sauti. Katikati ya kipindi Djaffar alitegua kifundo cha mguu, akabebwa mpaka kwenye benchi, akakaa pale na tano zake. Athoumani akamwonea huruma, kisha akajikuta anafurahi, kisha akaona haya.

Wenyeji waliingiza wachezaji wa akiba. Hamidou akaenda kukaa na kumenya chungwa. Themanini na saba kwa tisa, na Mmadi akaegemeza saa yake mezani ili wote wawili waione: dakika moja na kitu.

Hapo ndipo kijana mmoja wa akiba wa Mahajanga, akiwachekesha watu kwa kuudundisha mpira kati ya miguu, alipoupoteza. Uliruka ukamfikia Fazul katikati kabisa ya uwanja. Na uwanja ulikuwa mtupu. Wenyeji walikuwa wamesimama wakicheka, wengine mikono kiunoni. Fazul akaushika kwa mikono miwili. Akainua uso. Akageuka kusini.

Athoumani alimwona akigeuka. Aliona mgongo wake na njia nyeupe mbele yake hadi chini ya kikapu, haina mtu. Na mara kijana akasita nusu hatua, kama walivyokuwa wakisita wote siku ile. Pembeni yake mchezaji mmoja wa Mahajanga alikuwa ameshaanza kukimbia. Athoumani hakufikiri. Kama angefikiri angekumbuka meza, angekumbuka kwamba leo yeye ni wa karatasi, na angekumbuka kwamba pande zimebadilishwa. Kifua chake kiliona mtu wake amesimama katikati hajui aweke wapi mguu, kikafanya kazi yake.

"Avaratra, Fazul."

Wala hakupiga kelele. Aliisema kwa sauti ile ya gatini, ya chini, inayopita katikati ya makelele. Watazamaji hawakuisikia. Fazul aliisikia.

Akageuka nyuma. Akakimbia kaskazini, akadunda mpira mara mbili, akaruka vizuri kuliko alivyoruka siku nzima, na mpira ukapita kwenye wavu bila kugusa chuma.

Mahabibo yote ikaangua kicheko. Watu walishikana mabega. Watoto walianguka kutoka ukutani. Mchezaji wa Mahajanga aliyekuwa akimkimbilia akampa mkono, akamshukuru. Fazul alisimama chini ya kikapu, akatazama wavu ukiacha kutikisika, kisha akatazama meza.

Athoumani alikuwa na kalamu mkononi. Aliitazama kalamu.

"Andika, kaka," Mmadi akasema taratibu. Macho yake yalikuwa kwenye saa. Alikuwa amesikia, maana alikuwa karibu kama mtu wa sinia moja, lakini alikuwa ameamua kwamba hakusikia. "Kimeingia. Andika."

Na karatasi ina desturi yake kwa mambo hayo. Mtu akijifunga, pointi huandikwa kwa jina la nahodha wa timu nyingine. Athoumani akaupeleka mkono wake, ule wa bega bovu, mpaka kwenye mstari wa Hamidou, akaandika mbili. Hamidou mwenyewe wakati huo alikuwa benchi na chungwa mdomoni. Hakuna kikapu kizuri kama kile alichofungiwa siku ile.

Mchezo ukaisha themanini na tisa kwa tisa. Kilichobaki ilikuwa kusoma. Siku hizo mwenye kalamu husimama akawasomea watu jina kwa jina, na watu hushangilia au huguna. Athoumani akasimama. Akasoma wenyeji kwanza. Hamidou, thelathini na tatu. Watu wakapiga makofi. Akashuka mpaka kwa wageni. Djaffar, tano. Fazul, nne, na kicheko kikapanda tena, na mtu mmoja nyuma akauliza zile nyingine mbili ameziweka wapi. Akaendelea kusoma. Wengine wote walikuwa sifuri, na kila sifuri aliisoma vizuri, kwa jina la mtu na la baba yake.

Meneja wa kiwanda alikuwa amekaa kwenye kiti cha nguo chini ya mwavuli. Alikuja mezani, akaomba karatasi, akaipitishia kidole.

"Djaffar," akasema. "Yule aliyeumia mguu? Si kitu, kazi yenyewe ni ya kukaa."

Athoumani akaona kiti kinamponyoka. Akamfuata hatua chache, kofia mkono wa kushoto, na Kifaransa chake cha bandarini kikawa kinamkimbia.

"Bwana mkubwa, kile kikapu cha mwisho. Kile ni cha mwanangu. Kosa ni langu, mimi nilimwita. Alikuwa anakwenda sawasawa, mimi nikamwita."

Mmadi, nyuma yake, akainamia saa na kuitia funguo, japokuwa haikuhitaji.

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mkali. "Mzee, karatasi hii umeiandika wewe?"

"Mimi."

"Ina kosa mahali?"

Athoumani aliitazama. Kila namba ilikuwa mahali pake. Alikuwa hajawahi kuandika karatasi safi kama ile.

"Haina," akasema.

"Basi." Meneja akampa mkono, akaondoka nayo.

Djaffar alikuja akichechemea, analia na kucheka kwa pamoja, akamshika Fazul shingoni, akamshika Athoumani mkono akaubusu. "Mzee wangu, niombee dua," akasema. Athoumani akamwombea. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtoto wa watu, naye ana mama anayemsugua. Alimwombea dua nzima, mpaka amina, na Fazul akaitikia.

Walirudi bila Djaffar. Meli ilikuwa na mapipa safari hii, na vijana walilala juu yake wakisimuliana mchezo, kila mmoja akionyesha jinsi Fazul alivyoruka. Fazul alikuwa akitabasamu nao. Kila walipomuuliza ilikuwaje, alisema, "Nilipotea tu, jamani. Uwanja wa watu." Athoumani alikuwa amekaa karibu, anasikia. Kila mara alifungua mdomo, na kila mara Fazul alimtazama akatikisa kichwa kidogo.

Asubuhi, milima ya Nosy Be ilipoanza kuonekana, baba akamfuata mwana mbele ya meli.

"Kwa nini huwaambii?"

"Niwaambie nini? Wakijua uliita, meza watakunyang'anya."

"Na wanyang'anye."

"Una nini kingine, baba?" Fazul aliuliza bila ubaya, kama mtu anayeuliza kama chai imebaki.

Athoumani akauliza lile alilokuwa nalo tangu Mahabibo. "Ulikuwa umekwisha kugeukia kusini. Nilikuona. Macho yako yalikuwa yanakiona kikapu."

"Yalikiona."

"Sasa mbona uligeuka?"

Fazul alifikiri. Alikuwa mzito wa kusema, nilikwambia. "Ulisema siku ile sauti yako sitaisikia. Nilipoisikia nikajua lazima unaona kitu mimi sikioni. Kwenye ubao si ndivyo?"

Athoumani alitaka kumshika bega, akakumbuka ni bega lipi, akaushusha mkono. Maji yaliendelea kupita chini yao, na mpishi wa meli akaja kuwauliza kama wanataka uji.

Andoany walikuwa wamekwisha kupata habari. Habari za aibu hazingoji meli. Sokoni wanawake walimwuliza Rahamatou kama ni kweli mwanawe haijui kibla. Rahamatou akanunua samaki wake akarudi nyumbani. Alipoambiwa na mumewe jinsi ilivyokuwa, kila kitu, hakumlaumu. Akaingia ndani akaitazama chupa ya mafuta ya nazi, akaona imekaribia kwisha, akasema kesho atatafuta nyingine.

Jumatatu kulikuwa na tishali la sukari. Upepo ulikuwa umechafuka kidogo na ubao ulikuwa ukicheza. Athoumani alisimama mahali pake. Mahamali walianza kutoka ghalani mmoja mmoja, wameinama, na akawaita kama kawaida, isipokuwa sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, na kila mara kabla ya kuita alitazama kwanza jua liko wapi, mtu aliyezaliwa pale pale, ambaye hata ukimfumba macho na kumzungusha atakuonyesha Makka. Wenzake waliliona jambo hilo, wakatazamana.

Zamu ya Fazul ikafika. Gunia lilikuwa juu ya bega lile lile. Aliufikia ukingo wa gati akasimama, uso chini, macho kwenye vidole vya miguu, anangoja. Athoumani aliutazama ubao. Ulikuwa umesogea upande wa kaskazini, wazi kabisa, kila mwenye macho aliuona, na neno lilikuwa moja tu. Halikutoka. Akatazama jua. Akatazama ubao tena. Nyuma ya Fazul mahamali walikuwa wamekwisha kupangana na magunia yao, na msimamizi akauliza kuna nini huko mbele.

Fazul hakuinua uso kujitazamia wala hakusogeza mguu.

"Baba," akasema kutoka chini ya gunia, "niite. Linaniumiza."

Athoumani akamwita, na Fazul akaenda kule alikoambiwa.